Bundi kwenye Chupa ya Maji

Mwaka tuliorudi Palma baada ya kukimbia vita, kazi ya kuandika mabango ilinijia kwa wingi ambao sikuwahi kuuona. Kila aliyefungua tena duka alitaka jina lake ukutani, jipya, kwa rangi inayong'aa. Asubuhi nilikuwa kwa muuza simu, mchana kwa kinyozi, jioni kwa mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Wote niliwapa herufi zilezile nilizofundishwa na baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, ambaye aliandika vibao vya shule za wilaya nzima. Hakuna aliyelalamika, nami nilijiona fundi aliyekamilika.

Ndipo kampuni moja kubwa ikaniita. Ilikuwa ikipeleka chakula na maji ya chupa kwenye makambi ya wafanyakazi wa gesi, na sasa ilitaka kuyauza maji hayo mjini, kwa watu kama sisi. Walinihitaji niichore alama yao mpya kwenye ukuta wa ghala, kwenye barabara iendayo Pundanhar. Alama yenyewe ilikuwa imebuniwa na mama mmoja kutoka Maputo, mwembamba, mwenye mvi za mapema, ambaye alikuja mwenyewe kusimamia. Hakujua Kiswahili, nami Kireno changu ni cha shuleni, lakini kilitutosha. Mimi nilimwita dona, kwa heshima, yeye aliniita mestre, kama mafundi wanavyoitwa kwa Kireno.

Dereva wa kampuni ndiye aliyeninong'oneza alicholipwa dona kwa mchoro ule. Sikuamini. Kwa fedha hizo mtu angejenga nyumba mbili za matofali na bado akaezeka bati. Mchoro wenyewe ulikuwa duara, ndani yake matone mawili ya maji yamekaa pamoja, na chini yao pembe ndogo iliyochongoka. Basi. Mimi ningeumaliza kabla ya adhuhuri kwa bei ya makopo mawili ya rangi. Nilikasirika kimoyomoyo, nikajiambia kwamba wakubwa wanapeana fedha wao kwa wao na kutafuta jina la kuiita.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili linanipa aibu hata leo. Nilipoupokea mchoro ule mara ya kwanza, nilimwona bundi. Matone mawili yalikuwa macho, pembe ile ilikuwa mdomo, duara lilikuwa kichwa. Kwetu ndege huyu akitua juu ya paa la mtu, watu wa nyumba ile hawalali, wanasoma dua mpaka kuche. Nilimwona, nikanyamaza. Shefe, yaani mkuu wa kampuni pale mjini, alikuwa ameshatuambia kwamba alama imekubaliwa huko juu, na kazi yangu ilikuwa kupaka rangi. Nikapaka. Nilimchora bundi mkubwa kama mlango wa gari, wa buluu, akiitazama barabara.

Siku ya tatu akina mama waliokuwa wakiuza mihogo kando ya ukuta ule walihamia upande wa pili. Dona aliniuliza kwa nini wamehama, nami nikamjibu kwamba huenda wamefuata kivuli. Akatazama upande wa pili. Hakukuwa na kivuli.

Tangu siku ile akaanza kuzunguka mji, nami nikimfuata kama mkalimani. Nilidhani atapima kuta. Badala yake alikaa. Alikaa dukani akitazama jinsi bibi asiyejua kusoma anavyonyoosha kidole kwenye kopo la maziwa analolitaka, bila kukosea, katikati ya makopo kumi. Alimwuliza mwuzaji wa sabuni wateja wanaiitaje ile ya mche, kwa jina lake au kwa rangi yake. Alibandika karatasi yenye mchoro kwenye kioo cha gari, akaniambia nisimame mbali, nirudi nyuma, nirudi tena, mpaka nisiweze kuona kitu. Aliandika yote kwenye daftari. Mimi nilichoka haraka, kwa sababu sikuwahi kudhani kwamba kukaa na kutazama ni kazi.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilimkaribisha nyumbani kula. Mama yangu, ambaye ninaishi naye, alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Dona alikuja na chupa moja ya mfano, yenye alama ile, akaiweka mkekani kama zawadi. Mama aliitazama, kisha akaigeuza taratibu mpaka alama ikaelekea ukutani. Tukaendelea kula. Dona alikuwa ameona. Akaniambia nimwulize mama kwa nini ameigeuza.

Mama alinawa mikono kwanza. "Mwambie mgeni wangu asinichukie," alisema. "Lakini maji yenye bundi siyanywi, wala simpi mjukuu wangu. Atakayeyanunua hapa ni nani?"

Nilitafsiri huku nimeinamisha kichwa. Dona aliigeuza chupa, akaiangalia muda mrefu, na nikaona usoni mwake wakati alipomwona ndege yule naye. Halafu akanigeukia mimi.

"Mestre, wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Lini?"

"Siku ya kwanza, dona."

Nilitarajia hasira, na ningestahili. Yeye alimshukuru mama kwa mikono miwili, akaniomba nimwambie kwamba hakuna aliyemsaidia zaidi katika kazi hii kuliko yeye. Tulipotoka nje ndipo akaniambia kwamba Jumatatu tutakwenda wote kwa shefe, maana yeye atajua kusema kosa limetokeaje, lakini mimi ndiye nitakayejua kusema limeonekanaje. Njiani, kwa kuwa aibu ilikuwa imeshanifungua mdomo, nilimwuliza lile lililokuwa likinikera: kwa nini walimlipa vile kwa duara na matone mawili.

Alicheka kidogo. Akasema duara mtu yeyote anaweza kulichora, hata mimi ningelichora vizuri zaidi. "Kampuni ikishaamua," alisema, "alama itakwenda kwenye kila chupa, kila gari, kila shati la mfanyakazi, kwa miaka ishirini. Wananilipa niwaambie mapema kama itawavuta watu au itawafukuza. Na mimi nilifanya kazi hiyo nikiwa Maputo, mezani kwangu. Hapo ndipo nilipokosea."

Jumatatu tulikwenda. Shefe alikuwa mtu wa maneno machache, na ofisi yake ilikuwa na baridi ya mashine. Dona alieleza, akajitwisha lawama yote, hakutaja hata mara moja kwamba mimi nilijua. Kisha shefe akaniambia niseme. Nikamweleza habari za bundi, nikamweleza habari za akina mama wa mihogo, na mwisho nikakiri kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kuipoteza kazi. Aliuliza chupa ngapi zimeshachapwa. Ni za mfano tu, akajibiwa. Akavuta pumzi, akasema ni afadhali asikie leo kutoka kwa mpaka rangi kuliko kusikia mwakani kutoka kwenye ghala lililojaa maji yasiyonunuliwa. Akatupa wiki tatu.

Wiki zile tatu zilikuwa shule yangu. Dona alichora, nami nilibeba karatasi sokoni, kisimani, kwa wavuvi, hata Mbau alikoolewa dada yangu. Hatukuwauliza watu kama wanapenda. Tuliwauliza wanaona nini. Mchoro mmoja uliitwa jipu. Mwingine uliitwa yai. Wa tisa ulikuwa kata, ile ya kifuu yenye mpini mrefu tunayochotea maji mtungini, na mama alipoonyeshwa alisema tu, "Hii kata," kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi mno. Ndiyo alama iliyo kwenye chupa za maji mjini mpaka leo. Ukuta wa ghala niliupaka chokaa mara mbili ili bundi asichungulie, kisha nikachora upya, na wiki ileile mama wa kwanza wa mihogo akarudi na beseni lake.

Jioni, kazi ikiisha, dona alinifundisha kupiga mistari kabla ya herufi, kuacha nafasi, na kutotia rangi ya tatu pale ambapo mbili zinatosha. Alipoondoka aliniachia kitabu chake cha rangi, kile chenye vipande vingi kama feni. Mara moja moja bado hunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu kuniuliza ninafanya nini.

Nilichofanya kwanza alipoondoka ni kwenda kwa kikundi cha akina mama wanaokausha pweza na kuwapeleka Mtwara. Walitaka niwachoree pweza kwenye magunia, kama wauzaji wote. Zamani ningechora pweza, nikachukua changu, nikaondoka. Safari hii niliomba ruhusa ya kukaa nao, nikakaa siku mbili, nikapata harufu ambayo mke wangu aliilalamikia wiki nzima. Niliwauliza wateja wa ng'ambo wanawatambuaje. Mkubwa wao alifikiri, akasema wao hufunga mdomo wa gunia kwa kipande cha kanga nyekundu, kwa sababu kamba hukata vidole, na Mtwara wachuuzi huulizia mzigo wa kitambaa chekundu. Walikuwa na alama tayari na hakuna kati yao aliyejua. Nikalichora fundo lile, nikalikata kwenye plastiki ngumu ili wapake rangi wenyewe juu ya kila gunia. Msimu uliofuata walinitumia salamu kwamba mnunuzi wao mmoja amekataa gunia lisilo na fundo, ingawa pweza walikuwa walewale.

Mama amezeeka sasa, na nikimwambia kwamba ndiye aliyenifundisha kazi hunitazama kama ninamtania. Yule dona naye hapendi nimshukuru, husema tumefundishana. Mimi huwashukuru tu hivyohivyo.

Wiki iliyopita mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Tanzania, anayefungua duka la vitambaa karibu na msikiti, aliniuliza bei ya kumwandikia jina. Nilimtajia. Akaniuliza kama herufi zangu ni za dhahabu. Nikamwambia hapana, ila kabla ya kuandika herufi yoyote nitakaa dukani mwake siku mbili, nione nani anaingia, anagusa nini kwanza, na anakiitaje. Akanitazama, akawatazama wateja wake wawili, kisha akaenda nyuma ya pazia akarudi na kiti.