Hotuba Iliyomlaza Mama

Juma lililopita, mkutanoni Shela, kijana mmoja alishika maikrofoni akasimulia kifo cha mtoto wa watu mpaka wasikilizaji wakalia.

“Mamake umemuuliza?” nilimkatiza.

“Bi, kaa kitako,” wakaniambia.

Nilikaa, lakini damu ilinichemka kwa hasira ya zamani.

Nilikuwa mdogo. Baada ya sala ya alasiri nilikaa ghorofani na wanawake, nyuma ya dirisha, katika harufu ya asumini na ya kahawa iliyopanda kutoka uwanjani. Huko chini, bwana mmoja aliyesifika kwa ufasaha alikuwa akihimiza watu wafunike visima.

“Hapa hapa mjini,” alinguruma, “mtoto alitumbukia kisimani mchana kweupe, na mamake amelala fofofo!”

Watu waliguna kwa huzuni. Mimi nilifurahi. Mtoto huyo alikuwa ndugu yangu, na nilidhani kutajwa mbele ya mji mzima ni heshima. Nikamvuta mama leso. “Mama, atutaja sisi!”

Wanawake wote wakageuka. Mama hakulia. Alisema polepole, “Nalikuwa nasali.”

Na bwana yule alijua! Alikuja kwetu matangani, akanywa kahawa yetu, akaelezwa yote na baba. Lakini mama aliyesujudu hakumfaa; aliyelala ndiye aliyeinogesha hotuba. Visima vilifunikwa kweli, naye akasifiwa mpaka alipokufa.

Mama, tangu siku ile, hakulala tena mchana, hata alipougua.