Mlio Chini ya Godoro la Mama

Daktari alipotuambia tumrudishe mama nyumbani Butiama, hakusema kwamba amepona. Mama alielewa kabla yetu. Alituomba kitu kimoja tu, aingie kwa mlango wake akiwa hai. Kwetu, mtu aliyefia nje haingizwi ndani. Analazwa uani chini ya turubai mpaka azikwe, hata kama nyumba aliijenga yeye mwenyewe kwa jasho lake. Mama aliwahi kumwona dada yake amelazwa hivyo mvua ikinyesha, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Kaka yangu alikuja kutoka Bunda na pikapu yake, ile anayobebea pamba. Mama hakuweza kukaa, kwa hiyo tulitandika godoro nyuma, nami nikapanda kukaa naye, kichwa chake mapajani mwangu. Tuliondoka mjini, mtaa wa Nyakato, asubuhi. Hatujaimaliza hata Bweri, mtaa wa pembezoni, nikasikia kitu kinasaga chini yetu. Kaka naye alikisikia. Akaegesha pembeni, akashuka.

"Hii gari haijawahigi kulia hivi," alisema.

"Kaka, twende."

"Nikienda bila kujua ni nini, itatuacha njiani."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Pikapu ile anaijua kwa masikio. Anaweza kukuambia bolti gani imelegea huku anakunywa chai. Mlio huu hakuujua, na nilimwona anaogopa. Akarudi kwenye usukani, akaondoa gari taratibu, kisha akakanyaga klachi, akatoa gia na kuiacha gari iserereke yenyewe. Mlio ukaendelea vilevile. Basi si injini wala gia boksi, akasema, ni huku nyuma. Akasimama tena, akaingia uvunguni, akaishika propela, ile shafti ndefu ya katikati, na kuitikisa. Imekaza. Akapapasa difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kuona kama inavuja oili. Kavu. Kila alipotoka huko chini na vumbi lake mgongoni, mama alikuwa anahema kwa shida zaidi, na mimi nilitamani kumtupia spana.

"Mwambie kaka yako hiyo sauti haiko katikati," mama alisema kwa sauti ya chini. Akagonga godoro kwa vidole, upande wa tairi la nyuma la kulia. "Iko hapa. Nyonga yangu inaisikia. Tukikata kona kushoto, inazidi."

Sisi wawili tulikuwa tumemchukulia mama kama mzigo wa kuwahisha tu. Kaka alienda kwenye tairi lile, akaweka kiganja katikati ya rimu. Akakiondoa haraka.

"Beringi," alisema. "Imekwisha kabisa." Kisha akaniangalia mimi, si mama. "Ikijamu, tairi linachomoka na ekseli yake."

Kurudi gereji mjini kulikuwa na maana ya kufungua ekseli, kutafuta beringi nyingine, kuipeleka ikagongewe kwenye ekseli, na siku imeisha. Kaka alianza kuyaeleza hayo. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Baba," alimwambia, "mimi nitaisubiri gereji?"

Kaka aliingia ndani, tukaenda kwa mwendo wa kubembeleza, kona za kushoto akizikata kama amebeba trei za mayai. Tulisimama mara kwa mara ili tairi lipoe, naye akawa anazunguka kulipapasa. Kwenye vituo hivyo nilimlaani yeye, nikamlaani daktari, nikamlaani Mungu mwenyewe. Sijaomba msamaha kwa hilo na sijui kama nitaomba.

Tulipopita Makutano na kushika barabara ya Butiama, kaka alifungua kidirisha cha nyuma ya kiti chake. Akawa anaendesha kwa maneno ya mama.

"Mama, inaliaje?"

"Inasaga."

Akapunguza mwendo. "Na sasa?"

"Afadhali kidogo."

Tukaenda hivyo kilima baada ya kilima. Majibu ya mama yakawa mafupi, kisha yakawa yanachelewa. Tulipoanza kuona mabati ya kwetu, kaka aliuliza tena, na jibu halikuja upesi.

"Mama, sasa inaliaje?"

"Imenyamaza," alisema mama.

Haikuwa imenyamaza. Ilikuwa inasaga mpaka meno yangu yanatetemeka. Kaka naye alikuwa anaisikia, niliona shingo yake ilivyokaza. Hakuuliza tena. Alikanyaga mafuta, na ile kona ya mwisho, ambayo ni ya kushoto, aliikata bila kupunguza.

Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, alikuwa ameshafunga turubai uani na kutandika mkeka chini yake. Sikumlaumu, anajua maana ya mgonjwa kurudishwa nyumbani. Alikuja nyuma ya pikapu akiwa amenyoosha mkono amguse mama kwenye paji la uso. Kaka alimuwahi. Alishamwinua mama kwa mabega, uso wake kaufunika kwa kitenge.

"Amelala, shangazi," alisema. "Usimuamshe."

Shangazi akanigeukia mimi. Nilikuwa nimemshika mama miguu, nayo ilikuwa baridi. Kifua chake nilikuwa nakitazama tangu ile kona.

"Amelala," nilisema, na tukampitisha mlangoni.