Sabuni ya Mwalimu Mizani

Mwalimu Mizani alipostaafu kufundisha kemia, mkewe alimvumilia miezi michache tu. Mtu gani anazunguka nyumba nzima akisahihisha namna watu wanavyokoroga chai! Mama wa watu akampa sufuria yake kubwa na uwanja wa nyuma.

"Pika sabuni. Ila ikiharibika, sufuria yangu inarudi jikoni, na wewe utafute pa kukaa kimya."

Bahati nayo ikamjia. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya jirani, mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akaagiza sabuni. Mzee akapata kilo ishirini na moja za mawese, akapiga hesabu ukutani kwa chaki. Ukiyaacha maji kando, kilo saba za mafuta hula kilo moja ya kostiki, yale magadi makali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, unapata kilo nane za sabuni. Basi mafuta yote yatatoa kilo ishirini na nne! Akamtumia mteja ujumbe papo hapo, kifua mbele. Kostiki ya kwenye kopo akaiyeyusha yote, akaimimina kwenye mafuta, akakoroga huku anaimba.

Siku ya kukabidhi akafunua sanduku alilogandishia sabuni. Kilichokuwamo kikatetemeka. Akakigusa, kidole kikazama, kikatoka kinang'aa mafuta. Na mteja huyo mlangoni!

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu, amelikinga sanduku kama aliyeficha mbuzi wa jirani.

Mwalimu mkuu akachungulia, akasoma ukuta. "Kostiki ilikuwa kilo ngapi?"

Mzee akasoma kopo kwa mara ya kwanza. "Moja."

"Basi sabuni hapa ni kilo nane tu. Kilo kumi na nne za mafuta zimekosa mwenzi, zinazurura humo ndani."

Mke akanyoosha mkono kuchukua sufuria yake.

"Subiri kidogo, Mama," mgeni akasema. "Hata mimi nilihesabu kwa kilicho kingi, nikasahau kitakachoisha kwanza. Mwalimu akanipa sifuri. Halafu akakaa na mimi darasani mpaka nikapatia, na yeye mwenyewe hakwenda kula." Akavuta kigoda, akaketi. "Kanunue kilo mbili zilizobaki, Mwalimu, tuipike upya. Siondoki."

Mzee aliona aibu, akaona na fahari, asijue aanze na ipi. Akatoka mbio, miguuni ndala za mkewe.