Kaimu wa Chumba cha Kufulia

Pale hotelini tulimwita Kaimu, na jina likamganda mpaka mtaani kwake, hata shemeji zake wakawa wanamwita hivyo. Kabla ya hapo alikuwa mpiga pasi tu, mtu wa mashati ya wageni, mwenye kovu la kuungua kwenye kiganja. Mimi nilikuwa mkunja mashuka, naye pasi zikipungua alikuja kunishikia upande wa pili. Wawili mkikunja shuka, kila mmoja na ncha zake, mnasogeleana na kuachana kutwa nzima, na maneno nayo yanatoka. Ndiyo maana habari zake ninazo. Nyingine nilizipata kwa mkewe.

Msimamizi wetu wa zamani alipatwa na maradhi ya mgongo, akaacha kazi hoteli ikiwa imefurika wageni. Meneja wa wakati huo, mtu wa nje asiyejua hata salamu ya lugha yetu, aliteremka mwenyewe chumba cha kufulia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akamshika mpiga pasi bega, akamwambia kwa Kiingereza chake cha mbiombio kwamba atashika usimamizi "for the time being", na kwamba atathibitishwa "in due course". Akatabasamu, akapanda ngazi akaenda zake.

Kaimu alimfuata dada wa mapokezi. "Dada, nisaidie. 'For the time being' ndiyo nini?"

"Maana yake kwa sasa, kaka. Kwa muda huu."

Ile ya pili hakuiuliza. Alikuwa amelisikia neno "course" kwa masikio yake, na kozi nani asiyeijua? Watu wa jikoni walishapelekwa kozi ya usafi, wakarudi na fulana mpya na maringo.

"Napelekwa kozi," alimwambia mkewe jioni ile.

"Kozi ya nini, na kufua unajua?"

"Kozi ya ukubwa, mama watoto. Kufua ni kwenu nyinyi."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alicheka, kisha akakaa kwenye cherehani akamshonea suti ya kijivu, akamnunulia na sanduku la magurudumu. Majirani wakapata habari. Binti yao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma, akawatambia wenzake kwamba baba yake anasafiri.

Basi Kaimu akafanya kazi. Alifika kabla yetu sote, akawasha mashine, akapanga nguo za kila ghorofa kwenye kapu lake ili foronya zisipotee. Siku mashine ya kukamulia ilipokufa, alikunja suruali mpaka magotini akakamua mataulo nasi kwa mikono, huku akitutania kwamba hoteli imetuajiri kwa sababu ya misuli yetu. Tulimpenda. Mshahara ulibaki wa mpiga pasi, lakini yeye alisema hayo yatanyooka akitoka kozi.

Akiuliza, aliambiwa "soon". Dada wa mapokezi akamtafsiria: karibuni. Meneja yule akahamishwa, akaja mwanamama, naye mtu wa Kiingereza. Kaimu alipouliza, mama yule alimpa "any day now".

"Siku yoyote kuanzia sasa," dada wa mapokezi alisema, na kwa kweli tafsiri haikuwa na kosa.

Wiki ileile akafariki shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mkewe akafunga mizigo. Kaimu akabaki amekaa kitandani.

"Nikienda leo, wakaniita kesho?"

"Watakungoja. Umefiwa."

"Hawa hawangoji mtu. Wamesema siku yoyote."

Mkewe akaenda peke yake. Makaburini ndugu wa Kaimu walimuuliza mumewe yuko wapi, akasema yuko kazini, wakatazamana. Tangu siku ile kaka mkubwa wa Kaimu hakukanyaga tena nyumbani kwao. Na hotelini hakuna aliyemwita aende kozi, si kesho yake wala keshokutwa.

Miaka ikaenda. Binti akawa sekondari. Siku moja Kaimu akachomekea shati, akapanda mwenyewe mpaka ofisini. Mama meneja alimkaribisha vizuri, akamwambia mengi, na katikati yake Kaimu akanasa maneno aliyoyajua: "at the end of the day". Mwisho wa siku. Akashukuru, akarudi kazini, saa za kutoka zilipofika akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ile. Jua likazama. Mama akatoka na mkoba wake, akamwona, akashangaa kidogo, akampungia mkono. "See you later!"

Later ni baadaye, hilo alilijua. Akaendelea kukaa. Mlinzi aliyekuja kufunga milango ndiye aliyemwinua.

Alipofika nyumbani alimkuta binti mezani na vitabu vyake. Akamweleza alivyoambiwa. Binti alianza kucheka, akaona uso wa baba yake, akaacha.

"Baba, hiyo si jioni. Ni namna yao ya kusema mwisho wa yote. Na 'see you later' ni kwaheri tu. Hata mtu asiyetaka kukuona tena anakwambia."

Kaimu akauliza, taratibu, "Na 'in due course'?"

"Wakati wake ukifika."

"Na kozi iko wapi hapo?"

"Kozi gani, baba?"

Mkewe aliniambia hakuwahi kumwona mumewe hivyo. Alisukuma sahani ikaanguka. Alimfokea mtoto kwamba shule imemjaza kiburi, kwamba amekuwa wa kumcheka baba yake ndani ya nyumba yake. Binti akalia, akasema, "Lakini umeniuliza mwenyewe!" Kuanzia hapo Kaimu hakumwuliza tena neno lolote, la Kiingereza wala la kwetu.

Haukupita muda tukaitwa wote ukumbini. Mama meneja alikuwa amesimama na bwana mmoja aliyetoka hoteli nyingine, mtu mpole tu, hakuwa na ubaya. Mama alitangaza kwamba huyu ndiye msimamizi wetu, "with immediate effect", yaani kuanzia saa ileile. Dada wa mapokezi alimgeukia Kaimu ili amtafsirie, lakini hakukuwa na haja. Tuliporudi chini, koti la bwana yule lilikuwa tayari limetundikwa nyuma ya kiti. Katika maneno yote ya saa na siku aliyopewa Kaimu, ni hayo tu yaliyotimizwa kama yalivyosemwa.

"Samahani, mzee wangu," bwana yule alimwambia. "Mimi sikujua kulikuwa na mtu."

"Hakukuwa na mtu," Kaimu akajibu, akaenda kwenye pasi. Aliipiga mpaka alipostaafu, na utani wake hatukuusikia tena.

Mwaka huu nilimtembelea. Binti ni mwalimu sasa, mji wa mbali, ana watoto wake. Tulikuwa tunakunywa chai simu ikalia, mkewe akaiweka sauti juu.

"Baba, shikamoo. Tutakuja kuwaona karibuni."

"Siku gani?"

"Bado hatujapanga, baba. Karibuni tu."

"Neno hilo usiniletee. Taja siku, au usiseme kitu."

Tulimsikia akivuta pumzi huko aliko. "Siku siijui, baba."

"Basi msije."

Akaizima. Mkewe aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Kaimu akanimiminia chai nyingine, akauliza habari za magoti yangu. Nilikunywa harakaharaka nikaaga, na mlangoni nikaogopa hata kumwambia tutaonana.