Ufunguo wa Choo cha Kilibula

Katika avenyu yetu ya Kilibula, kando ya ziwa karibu na mpaka wa Burundi, vita vya pili havikubomoa nyumba hata moja. Tulizibomoa wenyewe, kwa akili zetu timamu na kwa amri ya chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu.

Chefu huyu alikuwa ameviona vita vya kwanza, basi akajihesabu profesa wa vita. Alituita mkutanoni akatufundisha kwamba mwizi wa vita haibi nyumba, anaiba mabati. Kwa hiyo kila mtu ashushe mabati yake, ayafukie, ndipo akimbilie Burundi na roho yake imetulia. Tulimpigia makofi. Siku mbili tulikuwa juu ya nyumba tunang'oa misumari, na mjane wa nyumba ya mwisho ya avenyu, ambaye peke yake alikuwa na beleshi la maana, alilipitisha mlango kwa mlango hadi kila mtu akamaliza kuchimba. Mabati yakalala chini ya matuta ya viazi vitamu, nasi tukaondoka tukijisifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuta zetu zilikuwa za matofali mabichi na kwamba msimu wa mvua ulikuwa mlangoni.

Tuliporudi kutoka kambini Burundi tuliyafukua mabati yote, hakuna lililopotea. Nyumba ndizo hazikuwepo. Zilikuwa zimeyeyuka zikabaki marundo ya udongo yaliyoota maboga. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, alisimama na mabati kichwani akiuliza ayaezeke wapi. Nilicheka sana, halafu nikaona aibu, maana na sisi hatukuwa na pa kuyaezeka.

Kilichobaki kimesimama ni choo cha mama.

Miaka michache kabla ya vita hivyo, kipindupindu kilimchukua mdogo wangu wa kike kati ya asubuhi na jioni. Mama alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani, hakuwa na kitu, lakini aliapa kwamba mtoto mwingine hatamfia kwa uchafu. Akajenga choo cha matofali ya kuchoma, sakafu ya simenti, mlango wa mbao wenye kufuli. Nyumba ya udongo na choo cha kuchoma: avenyu nzima ilitucheka. Mwalimu ndiye aliyeongoza kwaya, akiuliza kama siku hizi wageni tunawapokelea huko. Bati la choo lilikuwa moja tu, limeoza, hata chefu hakulionea uchungu, kwa hiyo lilibaki juu. Kambini, watu waliokimbia na redio na cherehani walimcheka tena mwanamke aliyekimbia na ufunguo wa choo katika fundo la kitenge.

Hatujamaliza kufyeka maboga, akaja bwana mmoja wa ofisi ya viwanja, ana koti na ramani. Karatasi zetu za parseli, yaani viwanja vyetu, zilikuwa ofisini kwao, na askari walikuwa wamezichemshia chai. Alitembea juu ya marundo yetu, akatangaza kwamba hapa hakuna kitu, na kwamba asiye na jengo la kudumu hana parseli. Mahali petu pangejengwa mtaa wa kisasa. Sijawahi kuona maendeleo yenye mbio namna ile. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na shule, soko na bustani ya maua, vyote mabango ya ubao na rangi, kila kimoja juu ya mti wake. Kituo cha afya kilituangukia sisi, na mwalimu akaangukiwa na lango lake. Mama alisoma lile bango polepole. Niliogopa, kwa sababu kama parseli ingeondoka, tungerudi kambini, na huko kambini sikutaka kurudi hata kwa kufungwa kamba.

Chefu wa avenyu, ili apendwe, alimshibisha yule bwana ugali, ndagala na kasiksi, pombe ya ndizi. Alasiri tulimwona bwana huyo anarudi peke yake, kwa hatua fupi fupi. Vyoo vya avenyu vilikuwa vimetitia vyote. Kwenye matete ya ziwa kulikuwa na askari, na askari wale hawakupenda mtu anayejificha. Akamwomba mama ufunguo, kwa adabu ambayo asubuhi hakuwa nayo.

“Bwana, weye ulisema hapa hakuna kitu,” mama akamwambia. “Kama hakuna kitu, na choo haiko.”

Alicheka. Mama hakucheka. Yule bwana akaeleza, jasho likimtoka, kwamba hii ni shida ya mwili, si ya parseli.

“Uandike kwanza. Minye nitafungua,” mama akamjibu.

Bwana akaandika juu ya goti, jengo la kudumu la matofali ya kuchoma, akapiga na muhuri. Mwalimu akakohoa nyuma ya uzio. Mama akasema na parseli ya mwalimu iandikwe, kwa sababu ukuta wa choo ulikuwa umegusa mpaka wake. Ikaandikwa. Saa ile angeliandika hata ziwa kwa jina la mama. Kisha mama akafungua kufuli.

Kituo cha afya hatujakiona hadi leo. Bango lake tuliligeuza mlango wa jiko, linafunga vizuri. Shule na soko viliishia kwenye mafiga ya watu. Bustani ya maua ilikuwa imemwangukia yule mjane, naye alikuwa bado Burundi anauguza mguu. Aliporudi alikuta kwenye parseli yake ghorofa ya yule bwana wa viwanja, lango la chuma, na hakuna ua hata moja. Mama alimpa chumba kwetu, kinachotazama choo, na beleshi lake akaliegemeza mlangoni.

Mama aliisimulia habari hii miaka mingi, na mwalimu alicheka kuliko wote. Siku moja mjane naye alikuwa amekaa hapo, anachambua ndagala, anacheka pamoja nasi. Mama alifika kwenye kufuli, macho yakamwangukia mjane, simulizi ikakatika. Tulidhani amesahau.

“Nilifungua mbio sana,” akasema, akaingia ndani.