Miwa Aliyoimenya Mama

Jumatano ile nilikwenda Kamwokya, mtaani kwa mama, kumrudishia sufuria yake, moyo umetulia kwa mara ya kwanza mwezi mzima. Matokeo yangu nilikuwa nimeshayatuma. Msimamizi wangu wa shahada aliyasoma, akajibu kwa neno moja: "Safi." Ijumaa angeyaonyesha katika hoteli moja ya Nakasero, mbele ya wageni waliotaka kutengeneza ethanoli ya kuchanganya na petroli, si kwa juisi ya miwa bali kwa makapi yake. Wakiridhika, ningebaki maabara nimalize utafiti. Wasiporidhika, ningefungasha.

Kazi yenyewe si ngumu kueleweka. Makapi yana sukari hata baada ya kukamuliwa, ila imefungwa ndani ya kuta za seli. Tazama ghorofa linalojengwa: kuna nondo, kuna waya wa kufungia nondo, kuna zege lililomwagwa juu yake. Katika ukuta wa seli ya muwa, selulosi ndiyo nondo, na kila nondo ni mnyororo mrefu wa sukari. Hemiselulosi ni waya. Lignini ni zege. Tunatumia vimeng'enya kukata ile minyororo, kisha hamira inakula sukari na kutoa ethanoli. Zege likiwa zito, vimeng'enya havifiki kwenye nondo. Basi.

Nilikuwa nalinganisha aina mbili: miwa laini ya kutafuna, na miwa myembamba, migumu, ya shamba la kiwanda. Nilitarajia migumu itoe sukari kidogo. Ikatoa karibu sawa na laini! Nilirudia kupima mara tatu, namba zilezile. Nikajiona nimegundua kitu.

Maabara yetu haina mashine ya kukamulia, lakini mama anayo, ya kuzungusha kwa mkono, kwenye kibanda chake cha juisi. Nilikuwa nimemwachia mafungu yote mawili asubuhi moja, nikakimbilia darasani.

Jumatano hiyo nilimkuta mama na mteja mmoja wa bodaboda.

"Mama, binti yako amekuja tena kupima miwa?" yule mteja akasema. "Apime na pikipiki yangu basi, nayo inakunywa kupita kiasi."

"Weye kunywa, unyamaze," mama akamjibu, huku akivuta muwa mwingine.

Alipitisha kisu juu hadi chini, ganda likaanguka guniani. Akazungusha, akapitisha tena. Nimemwona akifanya hivyo tangu nilipokuwa mdogo, tulipofika hapa kutoka mashariki ya Kongo. Siku hiyo nikalikazia macho lile ganda.

"Mama, ile miwa yangu myembamba, uliimenya?"

"Nisiimenye?" Alinitazama kama nimemtukana. "Ulitaka nikukamulie na uchafu wake? Ile ilinisumbua, mama, kisu kiliteleza mara mbili." Huniita mama, kama wanawake wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Nikatoa ganda lote, na mafundo nikakata. Maganda kama yale ni ya mbuzi tu. Wewe nilikuwekea ile ya moyoni, nyeupe."

Nikakaa juu ya kreti. Lignini nyingi ya muwa iko palepale, kwenye ganda na mafundo. Nilikuwa nimepima ghorofa ambalo mtu mwenye upendo amekwisha kulibomolea zege. Na kiwanda hakimenyi.

Nakiri kwamba nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Lakini wangejenga mitambo kwa kutegemea jedwali langu. Nikampigia simu msimamizi wangu.

"Daktari, lile jedwali lina kosa."

"Safu ipi?"

"Zote. Miwa ilimenywa kabla ya kukamuliwa."

Nilisikia kiti kikivutwa. "Nani aliimenya?"

"Mama yangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Hilo ndilo lililoniuma. "Darasani. Sikumwambia asimenye. Wala sikuuliza."

"Ijumaa utasimama wewe uwaambie," akasema, akakata.

Nyuma ya kibanda palikuwa na miwa iliyobaki ya mafungu yote mawili, bado haijamenywa. Mama aliikamua na maganda yake, akigeuza uso wapita njia wasimwone. "Unaniletea aibu," alinong'ona. "Watasema nimekuwa mvivu." Makapi yalilala kwenye oveni ya maabara, na Alhamisi yakaingia kwenye chupa na vimeng'enya. Yalihitaji siku tatu kamili. Ijumaa ningesimama mikono mitupu.

Nilisimama. Nikawaeleza, nondo na zege, kisha kisu cha mama.

"Kwa hiyo miwa migumu haifai?" mgeni mmoja aliuliza.

"Sijui bado. Najua tu kwamba jedwali tulilo nalo ni la miwa iliyomenywa. Jumatatu nitakuwa na jibu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alifunga daftari lake. Msimamizi wangu alitazama meza.

Jumatatu sukari ya miwa laini ilishuka kidogo. Ya ile migumu ilishuka sana. Msimamizi alizipitia namba kwa kidole, polepole, akarudi mwanzo akazipitia tena.

"Waandikie wageni leo," akasema. "Kisha anza aina ya tatu ya miwa. Na kukamua usimamie mwenyewe."

Nilimpigia mama nikiwa bado mlangoni.

"Kwa maganda yale, sukari imetoka kidogo sana, mama."

"Si nilikuambia?" akasema. "Ni ya mbuzi."