Jina Langu Bado Liko Kwenye Boti

Admin, naomba usitaje jina langu. Nina miaka sabini na nane, mwalimu mstaafu. Nauguzwa kwa binti yangu hapa Mbeya, na siku zangu najua zimebaki chache. Kwa miaka kumi na moja nimeficha jambo kuhusu boti iliyopinduka Ziwa Nyasa. Sitaki kuzikwa nalo.

Nilipofundisha Matema niliendesha boti ya shule, nikasomea kazi hiyo na kupata cheti. Baadaye mdogo wangu alinunua boti ya abiria. Sheria ilitaka watu wawili wenye vyeti: nahodha, na msaidizi wa kushika usukani nahodha akishindwa. Nahodha alikuwa Ambakisye. Msaidizi nikaandikwa mimi.

Siku ile walitoka Ikombe na akina mama wauza vyungu. Katikati ya safari Ambakisye alianguka, mdomo umepinda. Injini iliendelea kunguruma, usukani hauna mtu, boti ikayapa mawimbi ubavu. Watu tisa walizama. Vyungu vyao vilielea mpaka jioni.

Nilimwambia mkaguzi kwamba nilishikwa na homa kali, sikuweza kwenda. Kanisani wakanifanyia ibada ya shukrani.

Mjane wa Ambakisye naye alikuwemo botini siku ile, akaokolewa ameng'ang'ania dumu. Mpaka leo huniletea ndizi.

"Mwalimu, homa ile uliletewa na Mungu," husema. "Ungekufa na wewe, watoto wetu wangeongozwa na nani?"

Mwezi huu Lusajo, mtoto wa mdogo wangu, amenunua boti nyingine. Alikaa pembeni ya kitanda changu akauliza cheti changu kiko wapi, kwamba anaye mtu wa kukihuisha. Nikamwambia hata kijiko sishiki. Akacheka.

"Baba mkubwa, kwani utapanda wewe? Ni jina tu."

Binti yangu akampa, maana Lusajo ndiye anayeninunulia dawa.

Juzi mjane alikuja kuniaga. Jumatatu anapanda boti hiyo, mara yake ya kwanza ziwani tangu ajali. "Hii siogopi," alisema. "Nimeambiwa ina wawili wenye vyeti." Nikatazama ukuta.

Nikisema, namwangusha mtoto wa marehemu mdogo wangu na kumwaibisha binti yangu. Nikinyamaza, Jumatatu inakuja. Nishaurini wanangu, nifanye nini? Ila kabla hamjanihurumia, jueni hili: siku ile sikuwa na homa. Nilikuwa nyumbani, nakunywa chai. Boti ile sikuwahi kuipanda hata mara moja.